Nasser Al-Attiyah na wiki mbili za jangwani: somo la subira kwa familia

Kila unapoingia mwezi wa Januari, mamia ya magari, pikipiki na malori hukusanyika katika majangwa ya Bara Arabu kwa ajili ya mashindano yanayoitwa Dakar. Jina hilo ni la mji mkuu wa Senegal, lakini tangu mwaka 2020 mashindano yenyewe hufanyika Saudi Arabia. Hayana kiwanja wala refa mwenye filimbi. Ni safari ya wiki mbili na maelfu ya kilometa, ambayo mshindi wake si lazima awe yule aliyekwenda mbio kuliko wenzake siku nyingi zaidi. Mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ni ndogo kuliko ya wengine wote.

Nyumbani kwetu mashindano hayo yana jina moja linalotajwa kabla ya mengine: Nasser Saleh Al-Attiyah wa Qatar. Katika makala haya tunakusudia kumfuata dereva huyo katika Dakar ya mwaka 2023, kwa kuwa tuliifuata pamoja na watoto wetu tangu ilipoanza hadi ilipomalizika. Mzazi huweza kuusia subira mwaka mzima asisikilizwe, kisha mtoto akauona wasia uleule katika matendo ya mtu anayempenda, akaufahamu kwa siku moja.

Tunaandika pia kwa sababu ya kijana wetu mwenye umri wa miaka kumi na tisa, ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa leseni ya udereva. Kwake yeye, dereva hodari alikuwa na maana moja tu: anayekwenda mbio. Wazazi wenye vijana wa umri huo wanajua jinsi moyo unavyoshtuka kila funguo za gari zinapochukuliwa mezani.

Asili ya mashindano

Mwanzilishi wa Dakar ni Mfaransa Thierry Sabine. Mwaka 1977, akishiriki kwa pikipiki katika mashindano ya kutoka Abidjan kwenda Nice, alipotea katika jangwa la Libya na akanusurika. Mtu mwingine angeapa kutolikanyaga tena jangwa. Yeye alirudi kwao na fikra ya kuwaleta wengine wakaone alichokiona. Tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza uliondoka Paris kuelekea Dakar ukiwa na vyombo 182. Waliofika ufukweni Senegal, katikati ya Januari 1979, walikuwa 74.

Kwa miaka mingi njia ilipita Afrika Kaskazini na Magharibi. Sabine mwenyewe alifariki dunia nchini Mali, Januari 1986, helikopta aliyopanda ilipoanguka. Mashindano ya mwaka 2008 yalifutwa kabla ya kuanza kwa sababu ya hofu ya usalama nchini Mauritania. Mwaka uliofuata yakahamia Amerika ya Kusini, yakakaa huko hadi 2019, kisha yakavuka tena bahari hadi Saudi Arabia.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya. Wazee wetu walisimama kandokando ya barabara za vumbi kuyasubiri magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, na mpaka leo hawajayasahau majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta. Tofauti ni kwamba dereva wa Safari alikuwa na barabara, hata kama ni ya tope. Dereva wa Dakar mara nyingi hana barabara kabisa.

Nasser ni nani

Nasser Al-Attiyah alizaliwa Doha mwezi Desemba 1970. Kabla hatujamtaja kwa magari, inafaa tumtaje kwa bunduki, maana ni mlengaji shabaha aliyeiwakilisha nchi yake katika michezo ya Olimpiki mara sita, tangu Atlanta mwaka 1996 hadi Rio mwaka 2016. Fani yake ni kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Mwaka 2004, jijini Athens, alifikia hatua ya kupigania medali ya shaba kwa raundi ya ziada, akashindwa, akarudi kwao akiwa wa nne. Miaka minane baadaye, jijini London, alijikuta tena katika raundi ya ziada ya kupigania medali ileile. Safari hii aliipata.

Katika Dakar nako njia yake haikuwa nyepesi. Alishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na akamaliza wa kumi. Mwaka 2009 alikuwa anaongoza, kisha akaondolewa mashindanoni kwa kuruka vituo vilivyowekwa ili kuhakikisha kila dereva anapita njia iliyopangwa. Mwaka 2010 alimaliza wa pili, nyuma ya Mhispania Carlos Sainz, kwa tofauti ya dakika 2 na sekunde 12 tu baada ya wiki mbili za safari. Mwaka 2011 akashinda, akawa Mwarabu wa kwanza kutwaa ubingwa wa magari katika Dakar. Akashinda tena 2015, 2019 na 2022. Alipofika katika mstari wa kuanzia tarehe 31 Desemba 2022, alikuwa anautafuta ubingwa wa tano.

Katika historia yake lipo pia jambo ambalo watu wazima walilifuatilia zaidi kuliko watoto. Mwezi Juni 2017 Saudi Arabia na baadhi ya majirani zake walikata uhusiano na Qatar, na mpaka wa nchi kavu ukafungwa. Dakar ilipohamia Saudia mwaka 2020, mgogoro ulikuwa haujakwisha. Hata hivyo Nasser alishiriki, na akamaliza wa pili katika ardhi ya jirani ambaye serikali yake haikuwa ikizungumza na serikali yao. Tarehe 5 Januari 2021, mashindano ya mwaka huo yakiwa yanaendelea, viongozi wa Ghuba walitia saini mapatano katika mji wa AlUla na milango ikafunguliwa. Hatudai kwamba gari ndilo lililowapatanisha wafalme. Tunachosema ni kwamba, wakati wakubwa wamegombana, si kila mdogo analazimika kuubeba ugomvi huo.

Namna mashindano yanavyokwenda

Gari moja hubeba watu wawili. Mmoja huendesha, na wa pili, aliyeketi kando yake, husoma njia. Mwaka 2023 Nasser alikuwa na Mfaransa Matthieu Baumel, mwenzake wa muda mrefu, ndani ya Toyota Hilux iliyoundwa Afrika Kusini.

Watu wengi hudhani kwamba magari hayo yana ramani ya setilaiti inayowaonyesha wapi pa kupita, kama ile iliyo katika simu zetu. La hasha. Msoma njia hupewa kitabu cha maelekezo, ambacho siku hizi huwa katika kioo cha tableti, muda mfupi kabla ya kuanza. Ndani yake mna umbali, alama ndogondogo za kuchora na nyuzi za dira: baada ya kilometa kadhaa, shika mwelekeo fulani, angalia korongo upande wa kushoto, hatari ya daraja la tatu. Kifaa cha setilaiti kipo, lakini kazi yake ni kuthibitisha tu kwamba gari limepita katika kituo kilichofichwa, na huzinduka pale gari linapokikaribia. Aliyepotea huzunguka na kuzunguka, na saa yake haisimami.

Hapo ndipo tulipopata kuwaeleza watoto kwamba Waarabu wa jangwani waliijua njia kwa nyota, kama walivyoijua manahodha wa majahazi yetu waliovuka kutoka Lamu, Mombasa na Unguja kwenda Maskati na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Dereva wa Dakar ana injini kubwa, lakini mbele ya uwanda usio na alama amerudishwa alikokuwa nahodha: dira, hesabu, na kumwamini mwenzake.

Jangwa lenyewe nalo si la namna moja. Kuna mawe makali yanayochana matairi. Kuna vumbi laini kama unga linaloficha mashimo. Kuna mabonde makavu ambayo mvua ya saa moja huyageuza mito. Kisha kuna matuta ya mchanga, ambayo uso wake mmoja ni mteremko wa taratibu na wa pili ni kama ukuta. Adhuhuri jua linapokuwa utosini vivuli hutoweka, na macho hayawezi kutofautisha tuta na uwanda. Dereva anayefika kileleni kwa kasi asijue kilichopo upande wa pili anaweza kujikuta hewani. Anayefika polepole mno hunasa mchangani na kuanza kuchimba kwa sepetu.

Lipo jambo jingine lililomfanya kijana wetu aweke simu chini na kusikiliza. Katika mashindano hayo magari makubwa yamewekewa ukomo wa kasi wa kilometa 170 kwa saa, hata jangwani pasipo na mtu. Katika maeneo ya makazi ya watu ukomo huo hushushwa sana. Kifaa ndani ya gari hurekodi mwendo, na aliyezidisha huongezewa dakika. Kati ya kambi na eneo la mashindano hupita barabara za kawaida, na humo hufuata sheria za barabarani kama dereva yeyote wa daladala. Basi hata bingwa wa dunia hupunguza mwendo penye kijiji.

Siku ya pili: njia ya AlUla

Dakar ya 2023 ilianzia katika kambi iliyojengwa pwani ya Bahari ya Shamu na kumalizikia Dammam, kwenye pwani ya Ghuba, tarehe 15 Januari. Jumla ya safari ilikuwa karibu kilometa 8,500, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya kushindania muda. Saa ya Riyadh ni saa yetu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hatukuhitaji kukesha. Magari yaliondoka asubuhi ya huko, nasi tukiwa katika asubuhi yetu. Tulibandika ramani ya Bara Arabu ukutani na karatasi yenye safu tatu: siku, mshindi wa siku, na anayeongoza kwa jumla. Mtoto wa darasa la sita alipewa kazi ya kutoa na kujumlisha saa, dakika na sekunde. Baada ya siku tatu alikuwa amezoea kwamba dakika hukopa sitini badala ya kumi, jambo ambalo shuleni lilikuwa limemtaabisha.

Mpinzani aliyehofiwa zaidi alikuwa Mfaransa Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa mashindano ya magari mara tisa mfululizo, kuanzia 2004 hadi 2012. Hakuna aliye na shaka kuhusu kasi yake. Mwaka uliotangulia alikuwa amemaliza wa pili, nyuma ya Nasser, kwa dakika 27 na sekunde 46. Wahispania na Wafaransa wa timu ya Audi, Carlos Sainz na Stéphane Peterhansel, nao walikuwapo. Peterhansel ameshinda Dakar mara 14, sita kwa pikipiki na nane kwa gari.

Siku ya pili ya Januari njia ilielekea AlUla, kiasi cha kilometa 430 za kushindania muda, sehemu kubwa ikiwa ni mawe. Nchi hiyo inajulikana kwa kila Mwislamu, kwa kuwa karibu na AlUla ndipo ilipo Al-Hijr, yenye nyumba zilizochongwa majabalini, tunapokumbushwa habari za kaumu ya Thamud. Mawe yaleyale siku ile hayakumstahi bingwa. Loeb alipata pancha tatu, akaishiwa na matairi ya akiba, akalazimika kusubiri msaada huku saa ikienda. Alipoteza zaidi ya saa moja. Nasser alikuwa wa kwanza kufika.

Kijana wetu aliuliza swali la haki kabisa: je, pancha si bahati tu? Jibu tulilompa ni kwamba nusu yake ni bahati, na nusu ni namna mtu anavyoyakanyaga mawe. Penye mawe makali dereva huchagua kati ya kuokoa dakika tano leo na kuokoa tairi ambalo atalihitaji mbele. Mpanda pikipiki wa mitaani kwetu anayepita katikati ya magari mawili ili awahi taa ya kijani anafanya hesabu ileile, isipokuwa yeye anachokiweka rehani ni goti lake, na pengine abiria wake.

Siku iliyofuata Sainz aliharibikiwa, na Nasser akakaa juu ya orodha. Hakushuka tena mpaka mwisho.

Wiki ya pili: mmoja anashinda, mwingine anaongoza

Tarehe 6 Januari yalitokea mambo ambayo watoto waliyazungumza kwa siku kadhaa. Sainz na Peterhansel, mabingwa wawili wa timu moja, walianguka mahali pamoja katika siku moja. Peterhansel hakuendelea, na msoma njia wake aliumia mgongo akachukuliwa kwa helikopta. Mvua kubwa nazo zilikuwa zimefurisha mabonde, na baadhi ya njia zikafupishwa. Jangwa lililodhaniwa kuwa kavu likawa tope. Nasser alishinda siku hiyo, na uongozi wake ukawa wa zaidi ya saa moja.

Baada ya hapo karatasi yetu ya ukutani ilianza kuonyesha jambo la ajabu. Katika safu ya mshindi wa siku, jina la Loeb likaandikwa. Kesho yake likaandikwa tena, na keshokutwa tena, mpaka zikatimia siku sita mfululizo, rekodi katika daraja la magari. Jumla alishinda siku saba. Nasser alishinda siku tatu. Lakini katika safu ya tatu, ya anayeongoza kwa jumla, jina lilikuwa lilelile siku zote: Al-Attiyah.

Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto mezani. Kijana alisema kwamba Nasser amechoka, ameogopa, amekuwa mzee. Bibi yao, ambaye hajawahi kushika usukani, alisikiliza kwa muda kisha akauliza: "Kwani anadaiwa nini huyo hata akimbizane? Si mali yake iko mkononi?" Hakuna mchambuzi wa michezo aliyeieleza hali ile kwa ufupi kuliko yeye. Mwenye akiba ya saa moja na zaidi hana deni la kwenda mbio. Deni lake ni kulifikisha gari zima. Kila siku Loeb alipomkata dakika kadhaa, Nasser alimwachia, akaingia Rub' al-Khali, bahari ile ya mchanga yenye matuta yasiyohesabika, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Wasomaji wasidhani kwamba hilo ni jambo jepesi. Kwa dereva aliyezoea kuwa wa kwanza, kulitazama vumbi la mwenzake likitangulia, kusikia kila jioni jina la mwingine likisifiwa, na bado asubuhi kushika mwendo uleule aliojipangia, ni mtihani wa nafsi. Zilikuwapo pia siku ambazo washiriki walikuwa jangwani mbali na mafundi wao, ambapo kilichoharibika hutengenezwa na dereva na mwenzake kwa mikono yao. Katika siku kama hizo uharibifu mdogo wa leo huwa msiba mkubwa wa kesho.

Tarehe 15 Januari, mjini Dammam, hesabu ilifungwa. Nasser Al-Attiyah alikuwa wa kwanza, Loeb wa pili kwa tofauti ya saa 1, dakika 20 na sekunde 49, na Mbrazili Lucas Moraes, aliyekuwa mgeni katika Dakar, wa tatu. Mtoto wetu wa hesabu aligundua mwenyewe kwamba tofauti hiyo haikuwa mbali na muda ambao Loeb aliupoteza siku moja tu, ile ya mawe ya AlUla. Siku saba za ushindi hazikuweza kuilipa.

Upande wa pili wa habari

Hatutakuwa waadilifu tukisifu bila ya kutaja gharama. Tangu kuanzishwa kwake, Dakar imeua washiriki, mafundi, waandishi wa habari na watazamaji. Katika miaka ya Afrika wamo miongoni mwa waliokufa watoto wa vijijini, ambao walitoka kuangalia magari yakipita na hawakurudi kwa mama zao. Wengi walihoji, na wana haki ya kuhoji, ni vipi msafara wa fedha nyingi unapita kwa kasi mbele ya milango ya watu maskini na kuwaachia vumbi na maiti. Ukomo wa kasi tulioutaja haukushuka kutoka mbinguni. Nyuma ya kanuni kama hizo yapo makaburi.

Mwaka 2023 wenyewe haukupita salama. Mtazamaji mmoja kutoka Italia, aliyekuwa nyuma ya tuta la mchanga, aligongwa na lori na akafariki dunia. Dereva wa lori hilo, Aleš Loprais wa Ucheki, hakujua kilichotokea, kwa kuwa nyuma ya tuta haonekani mtu. Alikuwa anaongoza katika daraja la malori, na ubingwa ulikuwa mbele ya macho yake. Alipopata habari, alijitoa mashindanoni. Tuliwaeleza watoto habari hiyo bila ya kuipamba. Tuliwaambia kwamba lipo jambo zito kuliko ushindi, na kwamba mtu huyo, asiye wa dini yetu wala wa lugha yetu, alilitambua.

Kadhalika Januari 2020, Mreno Paulo Gonçalves alipoanguka na pikipiki yake, Mwaustralia Toby Price, bingwa wa mwaka uliotangulia, aliacha mbio akakaa naye mpaka msaada ukafika. Gonçalves alifariki dunia. Kanuni za mashindano humrudishia mshiriki muda alioutumia kumsaidia mwenzake aliyejeruhiwa. Katika barabara zetu hakuna wa kuturudishia muda, na bado wajibu ni uleule.

Mabinti nao

Katika nyumba yenye mabinti, swali halikuchelewa: je, na sisi? Jibu lipo. Mwaka 2022 Dania Akeel na Mashael Al-Obaidan waliandika historia kuwa wanawake wa kwanza wa Saudi Arabia kushiriki Dakar, wakiendesha magari mepesi, na wote wawili walifika mwisho. Hiyo ilikuwa kabla hata ya kutimia miaka minne tangu wanawake wa nchi hiyo waruhusiwe kuendesha magari, mwezi Juni 2018. Binti yetu mkubwa aliyaandika majina yao katika karatasi ileile ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, na hatukuona sababu ya kuyafuta.

Adabu za kufuatilia

Michezo ya namna hii ikiingia nyumbani bila ya mpango, huitawala nyumba. Kwa hiyo tulijiwekea masharti machache, ambayo tunayatoa kwa wasomaji kama mfano tu.

Kwanza, sala ndiyo iliyoongoza saa yetu. Matokeo hayakimbii, na aliyeshinda saa nane mchana atakuwa bado ameshinda baada ya Alasiri.

Pili, hakuna kubeti. Tunalisema hili kwa mkazo, kwa sababu simu ileile inayoleta matokeo huleta pia matangazo ya kamari, na vijana wetu wengi wameanza kwa shilingi mia tano ya mzaha wakaishia kwenye ada ya shule. Kumpenda dereva ni halali. Kuweka fedha juu ya mgongo wake ni kamari, na kamari ni haramu hata ukishinda.

Tatu, tulifuata yale ambayo mtoto anaweza kuyatenda. Mtoto hawezi kuendesha gari jangwani, lakini anaweza kusoma ramani, kupiga hesabu, kujua nchi na watu wake, na kuandika kila jioni sentensi mbili juu ya alichojifunza.

Nne, kushangilia kusigeuke kutukana. Loeb alipokuwa anashinda kila siku, wadogo walianza kumwombea pancha. Tuliwakataza. Anayemtakia mwenzake mabaya ili mpenzi wake ashinde ameshapoteza zaidi ya mashindano.

Baada ya Dammam

Kijana wetu hakugeuka malaika kwa sababu ya wiki mbili za Dakar, wala hatukutarajia hivyo. Lakini mwezi uliofuata alimpeleka bibi yake hospitali, safari ya kiasi cha saa moja, na bibi aliporudi alitoa ushahidi ambao kwetu ulikuwa na uzito kuliko kombe: kwamba lori liliwapita kwa fujo penye kona, honi ikalia nyuma yao, na mjukuu wake akasogea kando akawaacha wapite, akasema, "Waache, bibi. Sisi tuna saa moja yetu mkononi."

Waswahili walikwishasema kuwa haraka haraka haina baraka, na kila mtoto wa Kiswahili ameisikia methali hiyo mpaka masikio yake yamezoea. Kilichokosekana ni kuiona ikitendeka, siku kwa siku, katika mizani ya saa na dakika. Januari nyingine zitakuja, na Nasser atashinda au atashindwa kama Mwenyezi Mungu atakavyojaalia. Sisi tunawaombea wasafiri wote, wa jangwani na wa barabara zetu za kila siku, wafike salama kwa wanaowasubiri.